Homa Isiyo na Jina: Lugha na Uchelewaji wa Wagonjwa wa Sepsisi Kajiado

Utangulizi

Mtu anapougua mjini Kitengela, neno la kwanza kutamkwa nyumbani aghalabu ni moja tu: homa. Neno hili hubeba mafua ya siku mbili, joto la mwili, malaria, na hata maradhi yanayoweza kumuua mtu kabla ya kupambazuka. Makala hii inakusudia kueleza kwa nini wagonjwa wenye maambukizi mazito ya damu huchelewa kufika hospitalini, na kuonyesha kwamba miongoni mwa sababu hizo lugha ina fungu lake, ijapokuwa si sababu pekee.

Maana na uzito wa tatizo

Sepsisi ni hali ambapo mwili, katika kupambana na maambukizi, hugeuka na kuviumiza viungo vyake wenyewe: figo, mapafu, moyo na ubongo. Maambukizi huweza kuanzia kwenye kidonda, mapafu, njia ya mkojo, au mji wa mimba baada ya mama kujifungua, kisha bakteria wakapenya katika damu. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kuwa mwaka 2017 pekee watu wapatao milioni 48.9 duniani walipatwa na hali hii, na milioni 11 kati yao wakafariki. Mwaka huohuo wa 2017 Baraza la Afya Duniani lilipitisha azimio la kuzitaka nchi wanachama zikabiliane nayo.

Ushahidi wa nyumbani haukosekani. Utafiti uliofanywa katika hospitali ya Kilifi kati ya mwaka 1998 na 2002 ulibaini kwamba asilimia 26 ya vifo vya watoto waliolazwa vilikuwa vya watoto wenye bakteria katika damu. Thuluthi moja ya vifo hivyo vya watoto wenye bakteria ilitokea siku ileile ya kulazwa, na saba katika kila kumi ndani ya siku mbili. Takwimu hizi zinatuonyesha kuwa muda wa kuokoa maisha huwa umekwisha kutumika kwa kiasi kikubwa kabla mgonjwa hajafika kitandani mwa wodi.

Ucheleweshaji wa aina tatu

Mwaka 1994 watafiti Thaddeus na Maine, wakichunguza vifo vya kina mama, waliugawa uchelewaji katika hatua tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa. Mgawanyo huu unaifaa vyema hali ya Kajiado.

Tukianza na hatua ya pili, Kaunti ya Kajiado ina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 22,000. Mkazi wa Kitengela ana matatu na bodaboda mlangoni, ilhali mfugaji wa upande wa Magadi huenda akahitaji kutembea kwanza mwendo mrefu ili aifikie barabara. Fedha nazo zina ratiba yake. Mfugaji akiba yake ni mbuzi, na mbuzi hugeuka fedha siku ya mnada, kama ule wa Ilbisil. Kibarua wa mjini naye akikosa kazi leo hana ujira wa leo. Bima ya NHIF ilipoipisha SHA mnamo Oktoba 2024, mchango wa asiye na ajira rasmi uliwekwa kuwa wa mwaka mzima. Si ajabu basi kwamba wengi huanzia kwa kemisti, wakanunua dawa ya kutuliza maumivu na vidonge vichache vya antibiotiki. Joto hushuka kwa muda, nao ugonjwa huendelea chini kwa chini.

Katika hatua ya tatu, mgonjwa aliyefika huenda akakuta foleni, au kituo kisicho na maabara ya kuotesha bakteria kutoka kwenye damu. Hapo ndipo hutumwa hospitali nyingine, na saa zikazidi kuyoyoma.

Nafasi ya lugha katika kuamua

Hatua ya kwanza, ile ya kuamua, ndiyo inayomhusu zaidi mwanafunzi wa Kiswahili. Uamuzi hufanywa kwa maneno, nayo maneno yetu hapa yana mitego mitatu.

Kwanza, neno homa humwelekeza mwuguzaji kutafuta joto. Mgonjwa wa sepsisi huweza kuwa na joto kali, lakini pia huweza kupoa kuliko kawaida, hususan mtoto mchanga au mzee. Jamaa humgusa kipaji cha uso na kusema kwa faraja, "homa imeshuka," kumbe mikono imekuwa baridi kwa sababu damu haizunguki ipasavyo.

Pili, homa hufasiriwa upesi kuwa malaria au homa ya matumbo. Kajiado haimo katika kundi la maeneo ya malaria kali kama yale ya kandokando ya Ziwa Viktoria. Hivyo dhana hiyo huweza kumpotezea mgonjwa siku nzima.

Tatu, istilahi mbadala "sumu katika damu" humfanya msikilizaji amtafute aliyemlisha mwenziwe sumu. Mgonjwa akianza kuweweseka, shaka ya kurogwa hupata nguvu. Jambo kama hili limewahi kuchunguzwa kwingineko: utafiti wa Bagamoyo uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha jinsi ugonjwa uitwao degedege ulivyowafanya wazazi kuwaendea waganga wa kienyeji kwanza. Jina la ugonjwa lilikuwa limekwisha kuchagua tiba.

Zaidi ya istilahi, kuna hekima ya methali. Tumelelewa kuambiwa kuwa subira huvuta heri na kwamba mvumilivu hula mbivu. Mama aliyejifungua juzi akivumilia baridi na maumivu ya tumbo husifiwa. Hata hivyo, wahenga haohao walituachia onyo kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwamba mficha maradhi kifo humfichua. Methali hazipingani, kila moja ina mahali pake, na kitanda cha mgonjwa anayehema si mahali pa subira.

Hitimisho

Lugha haiwezi kujenga barabara wala kulipa bili ya hospitali. Inaweza, hata hivyo, kufupisha muda wa kuamua. Wanaistilahi wanaweza kuchagua kati ya kutohoa sepsisi na kuunda neno jipya, lakini mgonjwa hawezi kuwasubiri wakubaliane. Kinachohitajika sasa ni dalili zitajwe kwa Kiswahili cha kila siku, nazo zifasiriwe kwa Kimaasai: anahema haraka, haelewi anachosema, hajakojoa tangu asubuhi, ngozi ina mabaka na mikono ni baridi, mtoto amekataa kunyonya. Mwenye maambukizi akionyesha mojawapo ya hizi apelekwe hospitalini papo hapo, hata kama mwili hauna joto. Mwanafunzi wa Kiswahili aliyezoea kufasiri mashairi anaweza pia kuifasiri orodha hii fupi, ikabandikwa kwenye mlango wa kemisti, mahali ambapo safari ya wengi huanzia.