Nyasi Zilizosalimika: Runinga ya Visiwani Katika Mgomo wa 1979

Wahenga walinena kuwa wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Kauli hiyo ina mashiko, ila historia ya utangazaji inao mfano mmoja ambapo nyasi zilisalimika. Mnamo tarehe 10 Agosti 1979, runinga ya kibiashara ya Uingereza, ITV, ilizimika takriban nchi nzima kutokana na mzozo wa mishahara baina ya makampuni na mafundi wao. Kwa muda wa majuma 11 hivi, waliofungua runinga zao waliona maandishi tu ya kuomba radhi juu ya kioo cha samawati. Kampuni moja pekee iliendelea kutangaza, nayo ndiyo iliyokuwa ndogo kuliko zote: Channel Television, ya visiwa vya Jersey, Guernsey na jirani zake, karibu na pwani ya Ufaransa.

Ikumbukwe kwamba ITV ya wakati huo ilikuwa muungano wa makampuni, kila moja likiwa na jimbo lake na likijipatia riziki kwa matangazo ya biashara ya jimbo hilo. Makampuni makubwa, mathalani Thames na Granada, ndiyo yaliyotengeneza vipindi vingi vilivyotazamwa kote. Madogo yalivipokea na kuongezea habari za nyumbani. Channel Television, iliyoanza kazi mwaka wa 1962, ilihudumia wakazi wasiofika 150,000. Kampuni ya London yenye hazina nono iliweza kustahimili miezi kadhaa ya ukimya. Hii ya visiwani ingefilisika.

Wafanyakazi wake walilifahamu hilo barabara, ilhali chama chao kilikuwa kile kile kilichogoma bara. Wangegoma, wangeshikamana na wenzao, lakini huenda wasingekuwa na mwajiri wa kurejea kwake. Wakaamua kuendelea na kazi. Yamkini wapo watakaowaita wasaliti. Hukumu hiyo ni nzito mno, maana mgomo hukusudiwa kumbana mwajiri mpaka atoe alicho nacho, na huyu hakuwa na cha kutoa.

Hata hivyo, kuendelea kwenyewe hakukuwa lelemama. Vipindi vya bara vilikuwa vimekatika, na saa za jioni zilihitaji kujazwa. Pengo lilizibwa kwa habari za visiwani, vipindi vya studio yao wenyewe, filamu na vipindi vya ng'ambo. Kwa bahati, kazi ya nyumbani haikuwa ngeni kwao. Tangu miaka ya 1960 walikuwa na Oscar Puffin, kikaragosi cha ndege wa baharini, aliyewatumia watoto salamu za siku ya kuzaliwa. Ukaribu wa namna hiyo haukutegemea London hata kidogo.

Bara, BBC ilivuna watazamaji bila jasho. Tarehe 20 Oktoba, kipindi cha Doctor Who kilitazamwa na watu milioni 16, idadi ambayo hakijapata kuifikia tena. Visiwani, aliyechoshwa na BBC alikuwa na pa kukimbilia.

Mgomo ulikoma tarehe 24 Oktoba, mafundi wakiwa wamejipatia nyongeza kubwa. Channel Television ilirejea kupokea vipindi vya bara, ikadumu hadi mwaka wa 2011 iliponunuliwa na ITV plc, kampuni iliyokuwa imekwisha kuyameza makampuni makubwa kama Granada na Yorkshire.