Fomu ya Kuomba Kazi na Visanduku Vinavyoachwa Wazi (Sehemu ya Pili)

Baada ya tangazo la kazi kueleweka, jambo lililoshughulikiwa katika sehemu ya kwanza ya makala haya, mwombaji hukabiliana na fomu yenyewe, na hapo ndipo wengi wenye uwezo hupotea, si kwa kukosa elimu bali kwa kuacha visanduku wazi. Anayechambua dosye, yaani bahasha yenye barua ya maombi, wasifu, nakala ya diploma ya Serikali na nakala ya kadi ya mpiga kura, hamjui mwombaji wala hana wa kumuuliza; anahesabu kilichoandikwa tu. Mtu aliyeshuka kwa miguu kutoka Rurambo, juu katika milima ya Uvira, hadi uwanda wa Ruzizi ili dosye yake ifike mjini kabla ya siku ya mwisho, ni vigumu arudi kesho yake kujaza alichosahau.

Kisanduku cha kwanza, cha majina, ambacho huonekana rahisi kuliko vyote, ndicho chenye hatari kubwa zaidi. Mkongomani huandika jina, kisha postinomu, yaani jina la pili linalofuata la kwanza, kisha prenomu, ambayo kwa kawaida ni jina la ubatizo. Mpangilio huu una historia yake: mwaka 1972, katika siasa ya uasilia ya Rais Mobutu, majina ya Kikristo yalipigwa marufuku na postinomu ikachukua nafasi yake, hadi mwaka 1990 prenomu ziliporuhusiwa tena. Kwa hiyo mtu aliyesoma miaka hiyo anaweza kuwa na majina mawili katika cheti cha shule, matatu katika kadi ya mpiga kura, ambayo tangu mwaka 2005 hutumika kama kitambulisho, na tahajia tofauti katika kadi ya ubatizo. Afadhali afuate kitambulisho herufi kwa herufi, kisha aeleze katika barua, kwa sentensi moja, kwamba jina lililo katika diploma ni lake pia. Asipoeleza, msomaji ataona watu wawili katika bahasha moja.

Mahali pa kuzaliwa pana tatizo la aina hiyo hiyo. Kivu ya zamani iligawanywa mwaka 1988 kuwa Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, na nchi yenyewe iliitwa Zaire kuanzia mwaka 1971 hadi 1997. Basi hati ya kale inayosema Kivu, Zaire, haipingani na fomu ya leo inayodai jimbo la Kivu ya Kusini. Kuandika «Uvira» peke yake hakutoshi, kwa kuwa neno hilo hutaja mji na hutaja pia teritwari, yaani wilaya nzima yenye milima na uwanda. Aliyezaliwa Rurambo aandike Rurambo kwanza, kisha teritwari, kisha jimbo.

Sehemu ya uzoefu wa kazi yastahili subira kuliko zote, kwa sababu maisha ya watu wa milima hii hayakwenda kwa mstari ulionyooka. Tangu vita vya mwaka 1996 wapo waliokimbilia Tanzania wakaishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, na wakarudi wakiwa na pengo ambalo wengi wao hulificha kwa kubadili tarehe. Kufanya hivyo ni kosa zito, maana tarehe zisizolingana na hati humharibia mtu uaminifu wote. Ni haki yake kuandika kwamba miaka hiyo alikuwa mkimbizi, na kama alifundisha watoto kambini au aligawa maji, hiyo ni kazi, iandikwe pamoja na idadi ya watu aliowahudumia.

Ni hivyo hivyo kwa mwalimu ambaye hajamekanizwa, yaani hajaingizwa katika orodha ya mishahara ya Serikali, na ambaye kabla ya elimu ya msingi kutangazwa kuwa bure mwaka 2019 aliishi kwa primu, mchango wa wazazi. Kisanduku kinachouliza mshahara wa mwisho humtia haya, naye hukiacha wazi. Angepaswa kuandika kiasi halisi na chanzo chake, kisha aambatanishe hati ya huduma iliyotiwa sahihi na mhuri na mkuu wa shule. Na katika lugha, wengi hutaja Kifaransa tu wakakiacha Kifuliiru au Kinyamulenge, ilhali mradi wa afya huko milimani unamhitaji hasa anayeweza kuzungumza na mama mjamzito katika lugha yake.

Wapo waajiri wanaotaka pia kadi ya mtafuta kazi, inayotolewa na ONEM, ofisi ya taifa ya ajira iliyoundwa mwaka 2002. Tangazo likiitaja, namba yake iandikwe. Hatimaye kuna wadhamini, watu watatu wanaoweza kuthibitisha yaliyosemwa. Kwa mdhamini anayeishi mahali ambapo mtandao wa simu haufiki kila nyumba, namba moja haitoshi. Iongezwe ya pili, ya jirani au ya ofisi, pamoja na saa anazopatikana, na mdhamini mwenyewe aarifiwe mapema kwamba simu kutoka Uvira au Bukavu inaweza kumfikia wiki hiyo.

(Itaendelea)