Gari la Spoti Halikuambii Mwenyewe Anafanya Kazi Gani

Ukiona gari la spoti, usidhani mwenyewe ni bilionea. Mazda MX-5 ilianza kuuzwa 1989 kwa bei ambayo mtu wa mshahara angeweza kujipanga nayo, na kufikia 2016 zilikuwa zimetengenezwa milioni 1. Gari kama hilo linaweza kuwa la mwalimu, fundi, nesi au mstaafu, na pengine bado analipa mkopo.

Matapeli wanajua gari linatuvutia. Mtu anapiga picha kando ya gari la kukodi, kisha anakuambia utume 2,000 zirudi 20,000. Kabla hujatuma, muulize: unafanya kazi gani, na hiyo faida inatoka wapi? Akianza kukuharakisha, usitume. Na PIN yako usimpe mtu.