Kadi Haijafa, Imekosa Mkalimani

Ilikuwa Jumapili saa mbili usiku, niko nyumbani Ngarenaro. Ripoti yangu ya mazoezi ya kufundisha ilitakiwa ipande kwenye mfumo wa chuo kabla ya saa sita. Nafungua laptopu, alama ya waifai haipo kabisa.

Mchana wake fundi mmoja alikuwa ameniwekea Windows 10 badala ya Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2020. Nikampigia. “Dogo, kadi ya waifai imekufa. Njoo kesho na elfu hamsini.” Laptopu yenyewe ni Dell Latitude mtumba, mama aliinunua kwa hela ya vitenge anavyouza Soko la Kilombero. Sikuwa na uso wa kumwomba tena.

Nikamkumbuka mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha kwanza. Wiki nzima hakujibu swali, walimu wakasema ni mzito. Siku moja nikamuuliza kwa Kiswahili, akajibu yote. Msingi alisoma kwa Kiswahili, sekondari akakutana na Kiingereza. Akili ilikuwepo, lugha ndiyo ilikosekana.

Kadi ya waifai iko hivyohivyo. Haiongei na Windows moja kwa moja. Katikati kuna programu ndogo inayoitwa draiva, ndiyo mkalimani. Ukifuta Windows ya zamani, mkalimani wake anaondoka nayo. Kadi inabaki nzima, ila bubu. Kwa hiyo kabla hujatoa hela, iulize kwanza.

Moja, angalia swichi. Laptopu nyingi za zamani zina kiswichi cha waifai ubavuni au juu ya kibodi. Kikizimwa, utahangaika bure.

Pili, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika devmgmt.msc, kisha Enter. Orodha ya vifaa itafunguka. Kadi ikiwa na mshale mdogo wa kushuka, imezimwa tu. Bonyeza upande wa kulia wa kipanya uiwashe. Ikiwa na alama ya njano ya mshangao, tatizo mara nyingi ni draiva. Isipoonekana popote, huenda imelegea ndani, na hapo fundi ana haki yake.

Tatu, kama waifai ilikuwa inafanya kazi ikaharibika baada ya apdeti, fungua sifa za kadi, sehemu ya draiva, urudishe ile ya mwanzo.

Nne, kama draiva haipo, kwenye sifa hizohizo tafuta utambulisho wa kifaa. Baada ya VEN kuna herufi nne zinazotaja mtengenezaji: 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 14E4 ni Broadcom. Yangu ilikuwa 14E4. Kisha ingia tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu, ukitumia namba iliyobandikwa chini yake. Programu zinazoahidi kurekebisha draiva zote kwa mpigo ziache. Nyingine zinaleta virusi.

Utauliza: nitapakuaje draiva bila mtandao? Chukua simu ya Android, iunganishe na laptopu kwa waya wa USB, kisha kwenye mipangilio ruhusu kugawa intaneti kwa USB. Laptopu itakula bando la simu bila kuhitaji waifai.

Mimi nilipandisha ripoti kwanza kwa waya huo, saa nne na nusu. Draiva ya Broadcom nikaiweka baadaye, nikazima na kuwasha, na majina ya waifai za majirani yakajipanga kwenye kioo.

Huduma ya kawaida ya Windows 10 nayo iliisha Oktoba 14, 2025, hivyo wengi wetu wenye mashine za zamani tutabadilisha tena. Kabla fundi hajafuta chochote, pakua draiva ya mtandao uiweke kwenye flashi. Mimi ya kwangu ninayo kwenye mkoba.