Picha Milioni 21 na Jicho la Mtu

Nzi wa matunda ni mdudu mdogo azungukaye ndizi mbivu, na watu humpungia mkono tu aondoke. Hata hivyo, tarehe 2 Oktoba 2024 jarida la Nature lilitangaza kwamba ubongo mzima wa nzi jike mmoja wa aina hiyo umekwisha kuchorwa ramani. Ubongo huo ni mdogo kuliko punje ya ulezi, lakini umeonekana kuwa na seli za neva 139,255 na viungio baina yake zaidi ya milioni 50.

Wako watakaouliza: ramani ya ubongo wa nzi yatufaa nini? Jibu letu ni kwamba kazi hii imefundisha jambo kubwa kuliko nzi mwenyewe: picha, hata zikiwa nyingi namna gani, si elimu mpaka zipate wa kuzisoma.

Ubongo huo ulikatwa vipande zaidi ya 7,000, kila kimoja kikiwa na unene wa kama nanomita 40. Yaani hupangwa vipande 25,000 ndipo itimie milimita moja. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Janelia, huko Marekani, walivipiga picha kwa hadubini ya elektroni, zikapatikana picha zipatazo milioni 21, nao wakazitangaza mwaka 2018. Lakini uzi wa neva moja hupenya katika picha nyingi mno, ukisongwa na nyuzi nyingine, na mwenye kuufuata akiupoteza mara moja amepotea njia.

Zamani kazi hii ilifanywa kwa mkono. Sydney Brenner, mzaliwa wa Afrika ya Kusini, aliianzisha huko Cambridge kwa mnyoo mdogo mwenye seli za neva 302. Yeye, John White na wenzao walihitaji zaidi ya miaka kumi, wakatoa ramani yao mwaka 1986. Nzi anazo seli zipatazo mara 461 ya hizo.

Ndipo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Princeton, wakiongozwa na Mala Murthy na Sebastian Seung, walipoitumia kompyuta iliyofundishwa kuufuata kila uzi na kuupa rangi yake. Mashine ilikwenda mbio, lakini ilikosea: hapa iliunganisha seli mbili zikawa moja, pale ilikata moja ikawa mbili. Ramani ya namna hiyo humpeleka msafiri kwenye mji usiokuwako. Ilibidi watu waketi, wazigeuze sura hizo kwenye kioo cha kompyuta na kuzisahihisha. Masahihisho hayo yalikadiriwa kuwa kazi ya mtu mmoja kwa miaka 33. Waligawana mzigo huo watafiti wa nchi mbalimbali, pamoja na raia wa kujitolea.

Basi tutafakari. Ramani hiyo haikufungiwa sandukuni. Mwanafunzi popote mwenye kompyuta na intaneti aweza kuifungua bila malipo. Lakini mlango ulio wazi haumfai asiyejua kilichomo ndani. Yapasa vijana wetu wafundishwe elimu ya viumbe, hesabu na kompyuta kwa pamoja, ili wawe wasomaji na wasahihishaji, wala si watazamaji. Mashine na ikimbie. Lakini hapana budi awepo mtu wa kuiambia kwamba imepotea.