Chatu Nyumbani: Sheria Kwanza, Kisha Afya

Askari aliye zamuni mjini Kasese, au mpakani Mpondwe karibu na Bwera, aweza siku moja kuletewa chatu mchanga ndani ya gunia. Wako watakaotaka auawe papo hapo, na wako watakaomshauri askari amfuge. Kabla ya kuamua, yampasa ajue sheria yasemaje, na kiumbe huyo ahitaji nini ili aishi.

Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 imeweka wanyamapori mikononi mwa serikali kwa niaba ya wananchi. Haifai kumfuga chatu pasipo kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori. Asiye na kibali na awaite askari wa Hifadhi ya Queen Elizabeth wamchukue. Mlinzi wa sheria atamkamataje raia kwa kosa analolitenda yeye mwenyewe chumbani mwake?

Kwa aliyepewa kibali, jambo la kwanza ni joto. Mwili wa chatu hufuata hali ya mahali alipo. Akipatwa na baridi, chakula hakisagiki tumboni, naye hutapika. Sanduku lake liwe na upande wa joto upatao nyuzi 32 za sentigredi, na upande mwingine wa nyuzi 26 hivi, ili achague mwenyewe. Lakini jiko la makaa lisiwekwe katika chumba kilichofungwa, kwani hewa yake ya sumu humwua mfugaji pamoja na mfugo.

La pili ni maji safi, katika chombo kizito kisichopinduka.

La tatu ni chakula. Apewe panya aliyekwisha kufa, kwa sababu panya hai aweza kumjeruhi. Unene wa panya usizidi ule wa kiwiliwili cha chatu. Akisha kumeza, asishikwe kwa siku mbili. Wala asitafutiwe popo mapangoni. Mnamo Julai 2008, mtalii kutoka Uholanzi alifariki kwa homa ya Marburg baada ya kuingia katika pango la popo na chatu, katika msitu wa Maramagambo, kusini ya mfereji wa Kazinga.

Nyoka hana sauti ya kulalamika; hivyo mfugaji na amkague kama akaguavyo silaha yake, na kuandika daftarini siku aliyokula na siku aliyojivua gamba. Macho yakiwa meupe kama maziwa, asiogope: gamba li karibu kuvuliwa. Likitoka vipande vipande, pengine sanduku ni kavu mno. Lakini akihema kinywa wazi, akitokwa na mapovu, au vidoa vyeusi vikionekana vikitembea kati ya magamba, huo ni ugonjwa au utitiri. Aitwe daktari wa mifugo. Mfugaji naye anawe mikono kwa sabuni kila amshikapo, maana nyoka huchukua vijidudu vya kuharisha, na watoto ndio waumiao zaidi.

Wahenga walinena: mtoto wa nyoka ni nyoka. Huyu wa leo aliyeenea guniani aweza kufikia mita 4 na zaidi, naye huua kwa kukaba. Asiyeweza kumtunza siku hiyo, heri asimpokee leo.