Sigara ya Uchochoroni

Miji ya pwani kaskazini ya Dar es Salaam, kuanzia Bunju na Mapinga hadi Bagamoyo na Pangani, ina adabu yake kuhusu sigara. Kijana hawashi fegi mbele ya mjomba wake. Mtu mzima akimwona shehe wa mtaa anatokea kona, anadondosha kipisi na kukikanyaga. Mwanamke anayevuta, naye yupo, huvuta mahali ambapo hata wifi yake hatapita. Adabu hii imezaa mvutaji wa namna yake, anayejulikana dukani na kwenye kijiwe cha bodaboda lakini asiyejulikana na mkewe. Yeye huamini kwamba siri yake inalinda ndoa na jina la ukoo. Mimi naona siri hiyo ndiyo inayomfunga kwenye sigara, kwa kuwa inamnyima watu wale wale ambao wangemsaidia kuiacha, na mwili wake haupati nafuu yoyote kwa kufichwa.

Ni vigumu kujua wako wangapi, maana wanaojificha hawajiandikishi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta kwamba asilimia 8.7 ya Watanzania wazima wanatumia tumbaku kwa namna moja au nyingine: wanaume asilimia 14.6 na wanawake asilimia 3.2. Takwimu za aina hii hutokana na watu kuulizwa majumbani mwao, nao hujibu wanavyotaka wajulikane. Korea Kusini, ambako mwanamke kuvuta ni aibu kama ilivyo kwetu, wataalamu walilinganisha majibu ya watu na vipimo vya mkojo, ambavyo huonyesha mabaki ya nikotini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kuwa wanawake wanaovuta walikuwa zaidi ya mara mbili ya waliokiri. Haimaanishi kwamba Bagamoyo iko hivyo hivyo, ila inatosha kutufanya tusiitegemee sana ile 3.2.

Utetezi wa kwanza wa mvutaji wa siri ni uchache. Anavuta mbili tatu kwa siku, anazinunua moja moja, wala hana pakiti mfukoni. Kwa kweli siri humlazimisha avute kidogo, na kwa saratani ya mapafu uchache una maana, kwani hatari hupanda kadiri sigara zinavyoongezeka. Moyo hauendi kwa hesabu hiyo. Mwaka 2018 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha uchambuzi uliojumlisha tafiti 141, ukaonyesha kwamba anayevuta sigara moja tu kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya maradhi ya moyo na kiharusi aliyonayo anayevuta 20. Hata moshi kidogo huifanya damu iwe rahisi kuganda na kuukera utando wa ndani wa mishipa. Kwa hiyo mtu anaweza kuishia Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, huku familia ikiapa kwamba hajawahi kushika sigara. Isitoshe, sigara ya moja moja humwepusha mnunuzi na lile onyo lililochapwa kwenye pakiti. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2007, unazitaka nchi zijitahidi kuzuia biashara hiyo ya rejareja. Genge lolote litakuonyesha tumefika wapi.

Nyumbani, madhara yanaanza kabla ya siri kufichuka. Nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache, na baada ya kama saa mbili nusu yake imeshatoka kwenye damu. Anayevuta hadharani akisikia arosto, hutoka nje akawasha. Wa siri hawezi. Akirudi jioni, familia hukutana naye saa ambazo mwili wake unadai: mkali, hana subira, kelele za watoto zinamchoma. Kisha anakumbuka kwamba kuna mtu wa kumwona mara moja barazani, na anarudi mchangamfu, ananukia pipi ya mnanaa. Mke hajui habari ya nikotini. Anachojua ni kwamba mumewe hununa akiwa naye na hufurahi akitoka, na maelezo atakayojipa kuhusu hilo mara nyingi ni mabaya kuliko sigara. Mwenye siri naye hastareheki. Mwaka 2017 Michael Slepian na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia walionyesha kwamba kinachomchosha mtu zaidi ni akili kuirudia siri akiwa peke yake, kuliko ile kazi ya kuificha mbele za watu. Kwa kijana wa pwani kuna hofu nyingine juu yake. Mji uliokwishaumizwa na unga, yaani dawa za kulevya, hadi ukawa na soba hauzi, nyumba ya kuwasaidia waraibu, hauchukulii harufu ya moshi kirahisi. Mama akiinusa kwenye shati la mwanawe anaona bangi, na nyuma ya bangi anaona makubwa zaidi, kwa hiyo kijana anaongeza bidii ya kuficha kitu ambacho angeweza kukieleza.

Hapa kuna pingamizi zito, na sipendi kulipita juu juu. Watu wa dini watasema kwamba mwenye kosa amehimizwa kujistiri, asijitangaze, na kwamba baba anayevuta kwa kificho angalau hawafundishi watoto. Nakubali yote mawili. Sitaki mtu awashe sigara sebuleni ili aonekane mkweli, kwani huko ni kuwavutisha wanawe kwa nguvu. Lakini stara hiyo ni kwa macho ya mtaa. Haiwezi kumhusu mke anayelala kwenye shuka zenye nikotini iliyotoka kwenye nywele na ngozi ya mumewe, nikotini ambayo udi huifunika harufu tu bila kuiondoa, wala haimhusu tabibu. Watu hawa wawili sigara inawagusa, na wana uwezo wa kusaidia. Utafiti wa Nicholas Christakis na James Fowler wa mwaka 2008, uliofuatilia familia za mji wa Framingham nchini Marekani kwa zaidi ya miaka 30, ulikuta kwamba mmoja wa wanandoa akiacha sigara, uwezekano wa mwenzake kuendelea kuvuta hupungua kwa asilimia 67. Kuacha hupita kati ya watu wanaojuana, na anayevuta peke yake chooni amejitoa humo. Ramadhani inaonyesha anachokosa. Tangu alfajiri hadi magharibi anaweza, kwa kuwa nyumba nzima imefunga pamoja naye. Baada ya futari anabaki peke yake na siri yake, na siku ya pili inaanza upya.

Kuhusu tabibu, hatari ni ya moja kwa moja. Mwanamke aliyefika miaka 35 na anayevuta hashauriwi kutumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni, maana viwili hivyo vikikutana huongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi. Mtoto mwenye pumu hutibiwa kwa kubahatisha ikiwa mzazi amejibu kwamba nyumbani hakuna anayevuta. Ni kweli kwamba zahanati nyingi hazina dawa za kumsaidia mtu kuacha, ingawa Shirika la Afya Duniani liliweka dawa za kuziba pengo la nikotini kwenye orodha ya dawa muhimu tangu mwaka 2009. Hata hivyo ushauri mfupi wa muuguzi peke yake huongeza idadi ya wanaofaulu, mradi swali liulizwe mahali linapoweza kujibiwa. Mama mjamzito anayeulizwa kama anavuta huku mama mkwe ameketi naye kwenye benchi ameshapewa jibu la kusema. Kumwita peke yake chumbani, mlango ukafungwa, hakuhitaji bajeti ya wizara.